Ukifika juzuu ya pili ya Tolkien, usikimbilie kumtafuta Frodo

Watu ninaowaazima *The Lord of the Rings*, riwaya ndefu ya J.R.R. Tolkien, hunipigia simu wakiwa mahali palepale: wameingia juzuu ya pili, *The Two Towers*, wamesoma sura tano sita, na Frodo haonekani. "Huyu mwenye Pete yuko wapi?" Wengine hawapigi hata simu. Kitabu kinarudi kimya kimya, alama ya kurasa ikiwa bado imechomekwa katikati. Kwa hiyo nayaandika haya kwa ajili ya aliyemaliza juzuu ya kwanza na ndiyo kwanza anaifungua ya pili. Kama hutaki kujua lolote litakalotokea humo, isome kwanza ndipo urudi hapa. Hatima ya hadithi yenyewe sitaitaja.

Ujue kwanza ulichoshika mkononi. Tolkien hakukusudia vitabu vitatu. Aliandika hadithi moja ndefu yenye vitabu sita ndani yake, na wachapishaji wake, Allen & Unwin wa London, wakaikata mapande matatu, kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kulichapa lote kwa mpigo kungeweza kuwatia hasara. Pande la kwanza lilitoka Julai 1954, la pili Novemba mwaka huohuo, la tatu Oktoba 1955. Hili la kati, basi, ni kipande cha katikati kwelikweli. Halikukaribishi ndani, linakutupa mlimani, Aragorn anakimbia akifuata nyayo, na kurasa chache baadaye Boromir amekufa. Hata jina lake lilimpa Tolkien taabu. Hadithini kuna minara zaidi ya miwili, na katika barua zake mwenyewe anasitasita ni ipi hasa inayotajwa. Kama nakala yako ina muhtasari wa juzuu ya kwanza pale mbele, usiuruke.

Sasa tuje kwa Frodo. Juzuu hii ina nusu mbili. Kitabu cha Tatu, sura 11, ni cha Aragorn na wenzake, Merry na Pippin, wapanda farasi wa Rohan na vita vya Helm's Deep. Kitabu cha Nne, sura 10, ni cha Frodo, Sam na Gollum peke yao. Filamu ya Peter Jackson ya 2002 ilizichanganya hizi nusu mbili, dakika chache huku, dakika chache kule, na nimeona wasomaji wakijaribu kukisoma kitabu hivyo hivyo, wakiruka mbele na kurudi nyuma. Usifanye hivyo. Utajinyima kitu kitamu kuliko vyote vilivyomo.

Chukua mfano mmoja. Frodo anafika kwenye Lango Jeusi la Mordor na kulikuta limefungwa. Hajui aende wapi, na anamkumbuka Gandalf, ambaye kwa macho yake mwenyewe alimwona akitumbukia shimoni kule Moria. Kwake huyo ni marehemu. Lakini wewe umetoka kusoma sura 11 na unajua Gandalf yu hai. Tolkien anakwambia palepale kwamba saa ileile Gandalf yuko ngazini Orthanc, mnara wa Saruman, akizungumza na Saruman mwenyewe, na moyo wake uko kwa Frodo na Sam. Wewe unayajua yote mawili, wao hawajui. Nafasi hiyo hupewi mpaka ukubali kwanza kukaa sura 11 bila habari za Frodo, kama Aragorn alivyokaa.

Majina yasikukoseshe usingizi. Chukua kipande cha karatasi, kitumie kuwa alama ya kurasa, uandike: Sauron ni wa Mordor, Saruman ni wa Isengard. Chini yake waweke watu wa Rohan, maana Théoden, Théodred, Éomer na Éowyn watakuja kwa pamoja, na wote ni wa ukoo mmoja.

Sura ya Treebeard ndiyo inayowachosha wengi. Waenti ni wachungaji wa miti, na miti haina haraka. Mkutano wao unachukua siku tatu, kama kikao cha ukoo ambacho kila mzee lazima aanzie kwa babu wa babu. Isome jioni ambayo huna shughuli. Ukiisoma kwenye daladala utaichukia.

Kitabu cha Nne ninakipenda zaidi, ingawa ndicho chenye giza. Tolkien alikiandika kwa sehemu kubwa mwaka 1944, akimtumia sura moja moja mwanawe Christopher, aliyekuwa Afrika Kusini akifunzwa urubani wa jeshi. Baba mwenyewe alikuwa amepigana Somme, Ufaransa, mwaka 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na alikiri baadaye kwamba yale Mabwawa ya Wafu, yenye nyuso za maiti chini ya maji, yana deni kwa Ufaransa ya kaskazini aliyoiona baada ya mapigano ya Somme.

Halafu katikati ya giza hilo Sam anapika. Gollum ameleta sungura wawili, Sam ana sufuria zake na kijaluba cha chumvi alichokibeba safari yote, anamtuma Gollum majani ya viungo, na analalamika kwamba hakuna viazi. Moshi wa moto ule ndio unaowaponza. Kurasa chache mbele vita vinazuka karibu yao, na askari wa Harad, mtu wa kusini mwenye ngozi ya kahawia, anaanguka hatua chache kutoka kwa Sam akiwa maiti. Sam anajiuliza jina lake ni nani, ametoka wapi, kama kweli alikuwa na moyo mbaya au alidanganywa na kutishwa mpaka akaja kufia mbali na kwao. Msomaji wa huku kwetu ana haki ya kukereka na jinsi Tolkien anavyowapanga watu wa kusini upande wa adui. Mimi hukereka. Lakini aya hiyo isome taratibu. (Mara tu baadaye anapita tembo mkubwa kama nyumba inayotembea, na Sam anafurahi kama mtoto.)

Jambo la mwisho ni la mfukoni. Usianze sura mbili za mwisho kabla hujapata juzuu ya tatu, ya kununua au ya kuazima. Sura ya mwisho inakatika pabaya: Frodo yu hai, lakini mikononi mwa adui, na Sam amebaki nje ya lango. Wasomaji wa kwanza waliachiwa "itaendelea" hiyo kwa miezi 11. Na ukiifungua hiyo ya tatu, usishangae kumkuta Pippin juu ya farasi, mbele ya Gandalf, wakielekea Minas Tirith. Habari za Frodo zinaanza tena katika Kitabu cha Sita, karibu nusu ya juzuu.