Mwanangu, mashine haina tumbo

Mwanangu, salamu nyingi toka nyumbani. Mama yako hajambo, mguu umeanza kukanyaga vizuri, na mimi nipo. Ile voisi noti yako nimeisikiliza mara tatu. Unauliza hivi baba, hizi akili mnemba zitakuja kutugeuka kweli kama kwenye zile filamu ulizokuwa unatupeleka kuangalia, maana umeitwa kwenye hiyo kazi ya programu ya kuchagua nani apewe mkopo wa simu na nani anyimwe, na wenzako wanakuambia unaenda kuunda Terminator, ile roboti ya filamu inayowinda watu. Nimeona nikuandikie, kwa sauti ningesahau nusu.

Mimi zile filamu nimeziangalia toka enzi za deki na mikanda, pale kibandani Ngamiani, na mashine yenyewe sijawahi kuiogopa hata siku moja. Mashine haina tumbo. Nimekuambia hivi toka uko darasa la pili na nakuambia tena leo, haisikii njaa, haijengi ghorofa, haina mtoto wa kumsomesha nje. Ukiona mashine imeua mtu, mtafute mwenye tumbo, hayuko mbali.

Chukua RoboCop, ile ya mwaka 1987. Watu wengi wanakumbuka risasi tu, mimi nakumbuka kile kikao. Kuna kampuni inaitwa OCP, imepewa iendeshe polisi wa Detroit, na bosi mmoja, Dick Jones, analeta dubwana lake la roboti, ED-209, mbele ya wakubwa wenzie. Kijana mmoja wa ofisini anapewa bastola aielekeze kwa lile dubwana, linamwambia weka silaha chini, una sekunde 20. Kijana anaitupa, anaitupa kabisa na kila mtu anaona, lakini dubwana linaendelea kuhesabu tu, halafu linammiminia risasi mpaka anaangukia juu ya modeli ya mji mpya wanaotaka kuujenga. Jones anasema ni hitilafu ndogo. Baadaye anakuja kutamka mwenyewe kwamba alishakuwa na uhakika wa kuliuza jeshini, na vipuri vya miaka 25, nani anajali kama linafanya kazi au halifanyi. Vipuri vya miaka 25! Hilo ndo tumbo mwanangu.

Halafu sheria ya nne. Murphy, yule askari aliyekufa wakamrudisha na vyuma mwilini, ndo RoboCop mwenyewe, ana sheria tatu kichwani anazoziona, autumikie umma, awalinde wasio na hatia, asimamie sheria. Ya nne imefichwa, hata yeye mwenyewe haijui. Siku anaenda kumkamata Jones, mkono unagoma, miguu inagoma, anaanguka chini kama mgonjwa, kumbe sheria ya nne inamkataza kumkamata mkubwa wa kampuni, na aliyeiweka ni Jones huyo huyo.

Hapo ndipo niliponyanyuka nikatoka kibandani. Wewe ulikuwa na mimi, una miaka sita, ulilia maana ulitaka kuona mwisho, na jamaa wa kutafsiri kashika maiki anauliza mzee vipi tena. Ilikuwa Juni 1997 na ule mkanda nilishauona mara tatu kabla, nikifurahia risasi kama wengine. Siku hiyo ndo niliusikia.

Unajua mambo ya ghala, lakini sidhani kama nimewahi kukusimulia yote. Miaka kumi na moja nilikuwa stoo kipa pale, na leja yangu ya kijani. Mwaka 1996 ikaja kompyuta, ikawekwa chumbani kwa meneja chini ya feni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya wageni. Mei mwaka uliofuata ikatoa karatasi moja ndefu yenye vitobo pembeni, inasema mifuko 140 ya simenti haipo na mwenye kuitoa ni mimi. Nikaleta leja. Ule ukurasa naweza kukusomea hata sasa hivi bila kuushika, peni ya bluu, mifuko 35, mara nne, na pembeni kila mara saini ya meneja, ina mkia unashuka mpaka mstari wa chini. Aliiangalia saini yake mwenyewe, akaifunga leja taratibu, akasema leja inaandikwa na mtu na mtu anadanganya, kompyuta haidanganyi. Na aliyekuwa anaingiza hesabu kwenye hiyo kompyuta ni yeye, na paswedi anayo yeye peke yake. Niliondoka bila mafao. Vile vitumbua vya mama yako mlivyokuwa mnavifurahia asubuhi vilianzia hapo.

Sasa utaona kwa nini nilishindwa kukaa. Stelingi kasimama mbele ya mwizi, ushahidi anao, na mwili wake wenyewe unamzuia.

Niliurudia ule mkanda mpaka mwisho baada ya wiki kama mbili, peke yangu. Mzee mkuu wa kampuni anamwambia Jones umefukuzwa kazi, na hapo hapo sheria ya nne inakufa, Jones sio mkubwa tena, Murphy anashukuru na anafyatua. Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka. Nilipofika nyumbani ndo nikaanza kuwaza, kumbe bila yule mzee kutamka vile, Jones angetoka mlangoni anatembea. Hilo linanikera mpaka leo.

Najua utaniambia baba, Skynet je, ile kompyuta ya jeshi kwenye Terminator? Nani alikuwa na tumbo pale? Na hapa kweli nayumba kidogo. Kwenye Terminator ya pili, ile ya 1991, Skynet inajitambua yenyewe, watu wanaogopa wanataka kuizima, ndo inafyatua makombora. Hakuna bosi aliyeituma. Nimebishana na hili peke yangu miaka mingi. Nikisema kosa ni la waliowatoa binadamu kwenye maamuzi wakaipa mashine makombora, ni kweli, lakini naona kama nakwepa swali lako, maana inawezekana mtu akawa hana uroho wowote, kachoka tu kuamua, akaiachia mashine iamue. Labda uvivu nao ni tumbo. Sijui. Tarehe ya filamu ni 29 Agosti 1997, na siku hiyo kweli ilipofika ilikuwa Ijumaa, nimekaa barazani mwezi wa tatu sina kazi, nikaangalia juu, mbingu tulivu kabisa. Nikasema moyoni, kwangu ilishaanguka Mei.

Na Alien ya 1979, mama yako alikasirika sana siku ile, kompyuta ya meli ya angani wameiita Mother, yaani Mama, na bado inatekeleza agizo la kampuni kwamba lile lidude la kigeni linaloua watu lazima lifike, mabaharia wakifa wafe. Alisema mama gani huyo. Lakini agizo ni la kampuni, lilikuwemo kabla meli haijafika huko.

Usidhani ni filamu tu. Uingereza wasimamizi wa posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015 kwa sababu programu inaitwa Horizon ilionyesha hela pungufu, wakubwa wakashikilia programu iko sawa, wengine wakaenda jela. Nilipoiona kwenye taarifa ya habari nilizima TV. Walisema maneno yale yale ya meneja wangu, na wao hawamjui.

Kuhusu kazi. Hapa nimeandika mstari nikaufuta, nikauandika tena, nimeufuta tena. Una miaka 34, una wanao, mshahara waliokutajia ni mkubwa na mimi hiyo ofisi siijui. Kwa iyo sisemi nenda wala sisemi acha, ingawa neno liko hapa mdomoni na mama yako ananiambia nyamaza. Nakuuliza tu. Siku muuza samaki wa hapa mtaani akiomba mkopo na programu yako ikamkatalia, na yeye daftari lake analo, kaandika kila senti aliyolipa, atakwenda kumwonyesha nani? Waulize hilo kabla hujasaini. Wakikupa jina la mtu, mtu wa kweli mwenye kiti na mwenye uwezo wa kuiambia programu umekosea, nipigie uniambie. Wakikuambia mfumo ndo unaamua, nipigie pia.

Na ukija Idi pitia kabatini chumba cha nyuma. Leja bado ipo. Juzi nimeitoa nikaianika juani kidogo, ilikuwa imeanza kushika ukungu, ila ukurasa ule haujaguswa, na ule mkia wa saini unaonekana wote.

Baba yako