Lundo la mboji halipati joto, tufanyeje?

SWALI: Nafundisha kikundi cha wanakijiji kutengeneza mboji kwa mabua ya mahindi na taka za jikoni. Mwezi umepita, mabua bado yako vilevile na mchwa wameingia. Baadhi wameanza kukata tamaa. Tumekosea wapi?

JIBU: Mchwa wanawaambia kwamba lundo ni kavu. Pia mabua yamezidi. Vijidudu vinavyoozesha hufanya kazi vizuri kaboni (iliyo nyingi kwenye vikavu) ikiwa mara 25 hadi 30 ya naitrojeni (iliyo nyingi kwenye mabichi na samadi), na mabua ya mahindi huwa na kaboni mara 60 hivi. Kwa kipimo cha mkono: ndoo 2 za vikavu kwa ndoo 1 ya majani mabichi, maganda au samadi.

Lifumueni, msilitupe. Katakateni mabua vipande vya sentimita 5 hadi 10, yaloweke usiku kucha. Chagueni kivuli, tandikeni chini matawi membamba ili hewa ipite, kisha pangeni: mabua sentimita 15, mabichi 5, samadi 3, na udongo wa kunyunyiza juu. Mwagieni maji kila tabaka linapokamilika. Mkisubiri kumwagia mwishoni, maji hutiririka pembeni na katikati hubaki vumbi. Lundo lisipungue mita 1 kila upande, wala kimo. Likiwa dogo joto lote hupotea. Lifunikeni kwa nyasi.

Sasa fimbo, na hapa ndipo somo lilipo. Chomekeni fimbo ndefu hadi katikati. Siku ya 4 au ya 5 ichomoeni, kila mwanakikundi aishike kwa mkono wake. Ikiwa moto na ina unyevu, endeleeni. Ikiwa moto lakini kavu, ongezeni maji. Ikiwa baridi na inanuka uvundo, maji yamezidi na hewa haipiti: geuzeni, mchanganye na vikavu. Harufu kali ya mkojo ni ishara ya samadi nyingi mno. Mtu aliyeshika fimbo hiyo mara tatu hahitaji hotuba.

Geuzeni kila baada ya wiki 2 au 3, vya nje viingie ndani, kwa sababu mbegu za magugu hufia katikati tu, joto likifika nyuzi 55 kwa siku kadhaa. Mboji ikiiva, kwa kawaida miezi 3 hadi 4, huwa nyeusi, hupukutika, na hunukia udongo. Msikubali kuitumia kabla. Mboji mbichi hunyang'anya miche naitrojeni, majani yakawa ya manjano, na kikundi kitailaumu mboji yenyewe. Pandeni mistari miwili sambamba, mbegu moja, siku moja, mmoja tu ukipewa mboji, wajionee.

SWALI: Majivu ya jikoni tuyatie?

JIBU: Konzi moja au mbili kwa kila tabaka, basi. Yakizidi, naitrojeni hupotea hewani kama amonia, gesi yenye ile harufu kali ya mkojo. Nyama, mafuta na kinyesi cha mbwa au paka msitie kabisa.