Unguja kwenda Pemba kwa ndege: usiihesabu nusu saa peke yake

"Ndege saa tatu, nusu saa tu hiyo. Saa nne niko Wete nakunywa chai," nilimwambia shangazi kwa simu. Binti yake alikuwa anaolewa siku hiyo, ndoa baada ya adhuhuri. Nilifika wali ushaliwa, masufuria yanasuguliwa.

Hesabu ya hewani sikuikosea. Kutoka kiwanja cha ndege cha Kisauni hadi cha Pemba, pale karibu na mji wa Chake Chake, ni kama kilomita 125 kwa mstari ulionyooka, yaani maili 67 za baharini. Wengi hudhani ni 50, maana ndivyo walivyosikia visiwa vilivyoachana. Hiyo 50 ni kutoka Nungwi mpaka ncha ya kusini ya Pemba. Kisauni iko kusini ya Mji Mkongwe, kwa hiyo ndege huanza kuipita Unguja, ndipo iukate mkondo wa bahari, halafu iendelee kaskazini mpaka katikati ya Pemba. Vile vindege vya injini moja huenda kama kilomita 300 kwa saa. Ongeza kuruka na kutua, nusu saa imetimia. Wakati wa kusi, upepo unaotoka kusini, hukusukuma ukienda na hukuzuia ukirudi, lakini ni dakika chache tu, hazina maana.

Mimi nililiwa na nchi kavu. Ruhusa ya mizigo ilikuwa kilo 15, na mimi nilibeba begi na boksi la halua ya arusi. Mzani ukasoma 21. Yule kijana akanitazama, akaniomba na mimi nipande mzanini. Katika ndege ya watu kumi na wawili, uzito wako nao ni mzigo. Boksi nikamwachia kaka yangu aliyenisindikiza. Halafu tukakaa. Ndege yenyewe ilikuwa inatoka Dar, na huko ilichelewa. Tuliruka karibu saa sita. Siku hizi kabla ya kulipa nauli nauliza kwanza: ndege inaanzia hapa au inapitia?

Na Chake si Wete. Ukishashuka una kilomita kama 30 za barabara kuelekea kaskazini, na kama hukumwambia mtu akungoje, utasimama juani wenzako wakichukuliwa na jamaa zao.

Kwa hiyo angalia unakokwenda hasa. Kama ni Chake au Wete, na huna mzigo, panda ndege, lakini ya jana yake kama una shughuli. Kama ni Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba, mimi sioni haja: boti ya Malindi, bandari ya mjini Unguja, inakushusha pale pale, na ndege itakupitisha kaskazini kisha urudi kusini kwa gari.

Halua ilikuja kesho yake kwa boti. Ilifika kwa wakati.