Buibui wa utando wa dhahabu kwenye mikarafuu

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza buibui wale wakubwa wenye utando wa rangi ya dhahabu kati ya mikarafuu ni wa jamii gani, na kama wachumaji wana la kuogopa.

La kuogopa ni dogo sana. Akibanwa ataung'ata mkono, utauma kidogo kisha maumivu yaishe. Usiwapulizie dawa, tafadhali. Wanakula nzi na panzi wengi. Ukitaka njia, hamisha utando kwa kijiti.

Kuhusu jina, vitabu vya zamani vitakuchanganya. Karibu wote waliitwa Nephila, lakini mwaka 2019 wataalamu waliigawa jenasi hiyo (yaani kundi la spishi za karibu), na spishi nyingi za Afrika zikahamia Trichonephila. Nephila pilipes ni wa Asia hadi Australia, kwa hiyo usiseme wa Pemba ni huyo hata kama picha za mtandaoni zinafanana. Mimi ningeanza na Trichonephila inaurata, aliyeenea kutoka Afrika Kusini hadi Shelisheli. Ndugu zake wa Madagaska ndio waliotoa hariri ya kile kitambaa cha dhahabu kilichoonyeshwa New York mwaka 2009. Walihitajika buibui zaidi ya milioni moja!

Yule uliyemwona mkubwa ni jike. Tazama vizuri pembeni mwa utando, utamkuta dume, mdogo kama mtoto wake. Mpige picha jike mgongoni, tumboni na miguuni, na rula kando, kisha zilete hapa.