Usiniombe mbegu za shelisheli

Juzi msomaji mmoja wa Tanga kaniandikia: "Dada, mbegu za shelisheli zinauzwa wapi? Nataka kupanda ekari mbili." Ndugu yangu, na wengine wote mnaoitamani biashara hii, shelisheli letu la Unguja halina mbegu. Lipasue uone: nyama nyeupe na moyo katikati, basi. Mche unautoa kwenye mzizi. Mzizi uliotambaa juu juu ukichubuliwa na jembe huchipua. Chimbua chipukizi pamoja na kipande cha mzizi wake, litie kwenye kiroba cha udongo na uliweke kivulini mpaka lishike. Kapteni Bligh, nahodha wa Kiingereza, naye alipopeleka mashelisheli ya Tahiti kule Jamaica mwaka 1793 ili watumwa walishwe kwa gharama ndogo, alijaza meli miche.

Wenzetu wa Pasifiki wana mamia ya aina, kila moja na jina lake. Wasamoa wana Ma'afala, mti mfupi wenye matunda madogo. Mikronesia kuna machotara yanayostahimili hata chumvi ya visiwa vya matumbawe. Watu wa Visiwa vya Marshall hulifukia shelisheli shimoni lichachuke, wakaliita bwiro, likawa akiba ya miezi. Sisi tunalipika kwa nazi au tunalichoma, na mgeni akija tunaona haya kumwandalia.

Nilipoanza kuuza chipsi za shelisheli, meneja wa hoteli moja alimaliza sahani nzima mbele yangu, kisha akaniambia wageni wake hawali chakula cha njaa. Mpaka leo nikiikumbuka ile sahani tupu damu inachemka. Sasa arusi zinanigombea.

Siri? Chagua lililokomaa: vijipele vya ganda vimelala, kijani kinaelekea manjano, utomvu umetoka na kukauka. Liangue kwa kigoe na ulidake, likianguka linaharibika upesi. Paka kisu na mikono mafuta kabla ya kumenya, la sivyo utashinda unabandua ulimbo. Na likaange siku hiyo hiyo, maana likilala siku mbili tatu linaiva, linalainika, linakuwa tamu, halifai tena chipsi.

Vijana, acheni kusubiri mkopo wakati mti uko uani kwa bibi! Chagueni lililokomaa, nasema tena.

Wenye arusi waniandikie mapema, nusu ya malipo mbele. Hoteli, malipo yote mbele.