Kabla hujampaka mbwa wako dawa ya upele

Mbwa wangu Taiga alianza kuugua masikioni. Ilikuwa masika, Morogoro mvua inanyesha usiku kucha, na asubuhi nikimwekea ugali wake naona kingo za masikio zimeota magamba makavu kama ukoko wa wali. Wiki mbili baadaye viwiko vilikuwa ngozi tupu na tumbo limekuwa jekundu. Usiku tulikuwa tunasikia mguu wake ukigonga sakafu ya baraza, du-du-du, anajikuna mpaka alfajiri.

Nilipoteza karibu miezi miwili kwa kutibu nisichokijua, na aliyeumia ni yeye. Ndiyo maana naandika.

Mwanzoni nilidhani ni viroboto, nikamwogesha kwa sabuni ya unga ya kufulia. Ngozi ikazidi kukauka na kupasuka. Jirani akaniambia, "Dada, mpake oili chafu ya gari, wiki moja tu manyoya yanarudi." Hilo nililikataa, na nakuomba na wewe ulikatae, hata anayekuambia awe mtu unayemheshimu. Mbwa hujilamba. Kila unachompaka mgongoni kinaishia tumboni, na oili iliyotumika ni sumu kwa ini na figo. Ngozi iliyochubuka nayo inaifyonza.

Lakini nilifanya kosa jingine. Nilinunua dawa ya kuogeshea ng'ombe. Muuzaji hakuniuliza uzito wa mbwa, akaniambia kizibo kimoja kwenye ndoo. Mimi nikaongeza kidogo ili iue vizuri. Taiga alilala siku mbili, akisimama anayumba, chakula hagusi, na kiwiko cha kushoto kikaungua kabisa. Nilikaa naye usiku huo nikimwekea maji mdomoni kwa kijiko.

Kilichonitoa nyumbani hatimaye ni mwanangu mdogo, aliyezoea kumkumbatia Taiga. Alitoka vipele kiunoni na mikononi, vinawasha. Kesho yake tukaenda hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Daktari alishika ukingo wa sikio, akausugua kwa vidole viwili. Papo hapo mguu wa nyuma ukaanza kukuna hewani. Akasema hiyo ni dalili kubwa ya upele wenyewe. Kisha akadondosha tone la mafuta kwenye kiwiko, akachukua wembe butu na kukwangua taratibu mpaka damu ikaonekana kwa mbali, kwa sababu wadudu wanaoleta upele huo, utitiri, wamejichimbia ndani ya ngozi. Aliponiruhusu kuchungulia kwenye hadubini niliona kitu cha duara chenye vijiguu vifupi, kama kasa aliyepinduliwa, bado kinatikisika.

Akaniuliza, "Mama, nyumbani kuna mbwa wangapi?" Wawili. Basi wote watibiwe siku moja, hata yule asiyejikuna. Taiga akapimwa, kilo 19, akachomwa sindano kwa hesabu ya uzito huo, tukaambiwa turudi baada ya siku 14. Watu wengi hapa ndipo wanapoharibu. Dawa inaua wadudu, mayai yanabaki, nayo yanaanguliwa ndani ya siku chache. Usiporudi, unaanza upya. Magunia aliyokuwa analalia tukayachoma moto. Vipele vya mtoto viliisha vyenyewe, maana utitiri huo wa mbwa hauwezi kuzaliana kwenye ngozi ya binadamu. Visipopungua, mpeleke kituo cha afya.

Kuhusu sindano ya ivermektini, dawa ya kuua wadudu kama hawa, tafadhali usijichomee mbwa wako nyumbani. Ile ya ng'ombe iliyozoeleka madukani, ya asilimia 1, imepimwa mililita 1 kwa kila kilo 50. Sasa fikiria mtoto wa mbwa wa kilo 4 na mtu anayevuta dawa kwa kukadiria kwa macho. Na mbwa wenye damu ya koli, yaani mbwa wa kuchunga kondoo wa asili ya Uskoti, wengi wao wana hitilafu ya kurithi inayoiacha dawa hiyo iingie kwenye ubongo. Huanguka wakitetemeka, na wengine hufa.

Kabla ya kwenda kwa daktari, angalia jambo moja: anajikuna, au ananyonyoka tu? Anayejitafuna kiunoni karibu na mkia, shuku viroboto. Hapo kumwogesha yeye peke yake ni bure, kwa kuwa mayai na mabuu wamejaa kwenye mazulia, nyufa na mchanga wa banda. Mtoto wa mbwa mwenye vipara kuzunguka macho na mdomo, asiyejikuna sana, mara nyingi ana utitiri wa aina nyingine aliouambukizwa na mama yake siku za kunyonya. Huo hauambukizi watu, na vipara vikiwa vichache mara nyingi hupona bila dawa kali. Madoa ya mviringo yenye magamba yanaweza kuwa mashilingi, yaani fangasi wa ngozi, na hayo huwarukia watoto. Mbwa wa makamo anayenenepa, mzito wa kuamka, manyoya yamepukutika pande zote mbili sawasawa bila kuwashwa, huyo anahitaji kupimwa damu, kwani tatizo linaweza kuwa homoni. Wote hawa kwa mbali wanaonekana na ugonjwa mmoja, na mtaani wote wangepakwa oili ile ile.

Taiga aliacha kujikuna baada ya sindano ya pili. Usiku wa kwanza wa kimya niliamka mwenyewe kwenda kumtazama, nikamkuta amelala chali. Mwezi uliofuata vinyoya laini vikaanza kutoka tumboni, kisha masikioni. Kiwiko cha kushoto, pale dawa ya ng'ombe ilipounguza, hakijaota kitu mpaka leo.