Mtoto Akiacha Shule, Sheria Humuuliza Mzazi Kwanza

Wiki iliyopita niliandikiwa na mama mmoja wa upande wa Sengerema, kando ya Ziwa Victoria, anayeishi karibu na mwalo, yaani mahali mitumbwi inaposhusha samaki, na kuuza dagaa kwa debe. Mwanawe wa darasa la sita ameacha shule. Mchana anashinda kambini kwa wavuvi akianika dagaa, na usiku wa giza hupanda mtumbwi kwenda kushika taa ya kuvutia dagaa. Mtendaji wa kijiji amempelekea mama huyo barua ya wito, naye ananiuliza mambo mawili: kama anaweza kufungwa kwa sababu ya mtoto, na kama shule iliyomrudisha mtoto huyo nyumbani mwezi wa pili kwa kukosa mchango haina kosa lolote. Nilimjibu kwa faragha. Lakini kwa kuwa barua za namna hii zinanifikia mara kwa mara, na kwa kuwa ninaamini kila anayenisoma anatamani kumwona mwanawe akivuka kidato cha sita kama ninavyotamani mimi, najibu hapa kwa urefu, kwa idhini yake.

Jibu la swali la kwanza ni chungu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ambayo ni Sura ya 353 ya sheria zetu, inasema katika kifungu cha 35 kwamba mtoto aliyetimiza miaka 7 na ambaye hajafikisha miaka 13 ni lazima aandikishwe shule ya msingi, kwamba akishaandikishwa ni lazima ahudhurie mpaka amalize, na kwamba mzazi ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha mahudhurio hayo. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, inaiweka elimu katika fungu moja na chakula, malazi, mavazi na matibabu, yaani mambo ambayo mzazi hawezi kumnyima mtoto kisha akasema ni shauri la nyumbani kwake. Anayekiuka anaweza kutozwa faini inayofika shilingi milioni 5, au kifungo kinachofika miezi 6, au vyote viwili. Mtendaji ana mamlaka ya kukuita, kukuhoji na kulipeleka suala lako mbele, lakini kukutia hatiani ni kazi ya mahakama, na faini inayolipwa mezani kwa mtendaji bila stakabadhi ya serikali siitambui na wewe usiitambue. Nenda kwenye wito. Mzazi anayekimbilia visiwani kwa kuogopa barua ya mtendaji anajitengenezea kesi ambayo haikuwapo.

Swali la pili ndilo lililoniondolea usingizi, kwa sababu nimelipitia mwenyewe na bado linaniuma.

Mwaka 2017 binti yangu alikuwa darasa la sita katika shule moja ya msingi ya serikali hapa Ilemela, Mwanza. Siku moja alirudi saa tatu asubuhi pamoja na wenzake wengi, kwa kuwa hawakuwa wamelipa mchango wa mitihani ya ujirani mwema na wa mlinzi. Fedha yenyewe haikuwa kubwa. Mimi ni fundi wa injini za mitumbwi, na siku hiyo ningeweza kuilipa na kuendelea na shughuli zangu, kama jirani zangu wengi walivyofanya. Kilichonikera ni kwamba nilikuwa nimesikia redioni kuwa tangu Januari 2016 elimu ya msingi inatolewa bila malipo, na nilitaka kujua maneno hayo yanamaanisha nini hasa. Ndugu yangu mmoja aliyekuwa mwalimu huko Magu alinitolea nakala ya Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ule uliofuta ada na michango ya lazima, pamoja na Waraka Na. 3 wa 2016 uliofafanua nani anawajibika kwa nini. Niliusoma huo wa pili nikiwa nimekaa juu ya injini bovu pale Kirumba, mikono ina grisi, na kurasa zake bado zina alama za vidole vyangu.

Waraka ule unasema mambo kwa pande zote mbili, na hilo ndilo watu hawapendi kulisikia. Serikali inabeba ada, ambayo kwa sekondari za kutwa ilikuwa shilingi 20,000 na kwa za bweni 70,000 kwa mwaka, na inatoa fedha za ruzuku zinazohesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, kwa mwaka. Mzazi anabaki na sare, madaftari, kalamu, matibabu, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Jamii inaweza kuchangia kwa hiari kupitia utaratibu unaoeleweka, lakini mtoto hafukuzwi darasani kwa sababu mzazi wake hajachangia.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu, nakala kwa afisa elimu kata na kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, nikaomba nioneshwe kibali cha mchango ule. Kibali hakikuwapo. Ukaitishwa mkutano wa wazazi, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba haki inaweza kukufanya mpweke. Nilipoanza kusoma waraka, mzee mmoja anayeheshimika mtaani kwetu alisimama akasema, mbele ya walimu na mbele ya binti yangu aliyekuwa amekaa dirishani, kwamba fundi wa mitumbwi hawezi kuwafundisha wasomi sheria, na kwamba ninakwepa mchango kwa ubahili. Watu walicheka. Wapo walionizomea. Nilimalizia kusoma hivyo hivyo, nikaketi. Watoto walirudishwa darasani wiki hiyo hiyo, na mchango ukageuzwa kuwa wa hiari. Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima mashuleni, baadhi ya waliocheka walinipigia simu kuomba nakala ya waraka wangu. Niliwapa. Yule mzee hajanisalimia kwa moyo mpaka leo, na sitasema uongo kwamba hilo limeniisha.

Hata hivyo, ilipokuja hoja ya uji wa watoto, mimi nilikuwa wa kwanza kuleta mahindi na sukari, kwa kuwa chakula ni zamu yetu wazazi, na nilisimama kuwaambia wale waliodhani nimewashindia vita ya kutotoa chochote kwamba hawakunielewa. Baba anayenunua vocha kila siku lakini mwanawe anashinda na njaa mpaka saa tisa alasiri hana ubavu wa kuusoma waraka kwa sauti kubwa. Nasema hivi nikijua nitawaudhi wengi.

Baadaye nilichaguliwa kuingia kamati ya shule, na huko ndiko nilikoiona rejista ya mahudhurio kwa karibu. Mwalimu wa darasa la sita aliifungua juu ya dawati akatuonesha safu za wavulana kadhaa waliokaa mitaa ya karibu na ziwa. Alama za kuwapo zilijaa kwa wiki mbili hivi, halafu zikafuata nafasi za utoro mfululizo, kisha mahudhurio yakarudi tena, mwezi baada ya mwezi. Mwalimu huyo, mgeni wa kutoka bara ya mbali na ziwa, alidhani ni homa. Sisi wa hapa tulielewa mara moja: dagaa huvuliwa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hulala. Rejista ile ilikuwa inafuata mwezi. Tangu siku hiyo sikubali mzazi aniambie kwamba hakujua mtoto wake hayupo shuleni, kwa maana mtoto anayerudi alfajiri akinuka dagaa na moshi, mwenye macho mekundu, hahitaji mwalimu wa kumtangaza.

Sheria ya Mtoto iko wazi katika hili kuliko wengi wanavyofikiri. Kazi nyepesi inaruhusiwa kuanzia miaka 14, nayo isiwe ya kumdhuru mtoto wala kumzuia asisome. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, hairuhusiwi kwa mtoto yeyote, na mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18. Katika mifano ya kazi za hatari sheria inataja kwenda baharini, na nimewahi kumsikia mwenye mtumbwi akijitetea kwamba ziwa si bahari. Akajibiwa papo hapo kwamba kazi yoyote inayohatarisha afya, usalama au maadili ya mtoto inaingia humo, na kwamba hata bila kifungu hicho, saa tano za usiku katikati ya maji zinamtosha kumfikisha mahakamani. Kwa hiyo mama wa Sengerema hayuko peke yake katika kesi hii. Aliyempa mwanawe taa ya kushika anamzidi kwa kosa. Nilipomwambia amwandikie mtendaji amtaje, alinyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha akasema mwenye mtumbwi ni shemeji yake.

Hapo ndipo tunapoharibikiwa, ndugu zangu. Tunaijua sheria ikimhusu mwalimu, tunaisahau ikimhusu shemeji. Undugu unaomtoa mtoto darasani si wa kuulinda, na mzazi anayeogopa lawama za ukoo kuliko anavyoogopa ujinga wa mwanawe asije kwangu kuniomba namba ya kifungu.

Kwa watoto wa kike hali ni nzito zaidi. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliongeza kifungu cha 60A katika Sheria ya Elimu: kumwoa au kumwozesha mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa, na anayemwoa au anayempa mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Wanaosaidia au kushawishi ndoa hiyo, na hapa wamo baba, mjomba na mshenga, wanakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 5. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, lakini Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ziliona vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Na kama msichana amekwisha kujifungua, mlango haujafungwa: tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi katika shule za kawaida. Nimekutana na mzazi hapa Igombe, mwaka juzi tu, ambaye alikuwa bado anaamini katazo la zamani lipo, na binti alikuwa anakaanga samaki mwaloni.

Kuhusu viboko sitakaa sana. Kanuni za mwaka 2002 zinaweka kikomo cha viboko vinne, vinavyotolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na adhabu iandikwe katika kitabu. Ukiona mwanao ana alama za zaidi ya hapo, omba kukiona kitabu hicho kabla ya kupaza sauti.

Ushauri wangu basi ni ule ule ninaoutoa kila mara: andika. Ukiitwa na mtendaji, hudhuria na ujibu kwa maandishi. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa mchango, mwandikie mwalimu mkuu, weka nakala, gongesha muhuri wa kupokelewa, na usipojibiwa peleka kwa afisa elimu kata, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mtoto akiwa kambini, mwandikie afisa ustawi wa jamii, au piga simu ya mtoto namba 116, ambayo haina gharama, au nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Maneno ya mdomo husahaulika ofisini kabla hujafika kituo cha daladala. Unapotaja kifungu, hakikisha pia nambari yake katika toleo jipya la sheria, kwa kuwa nambari zinaweza kusogea wakati wa urekebu, na ofisa mjanja anaweza kukukwamisha kwa hilo tu.

Wenye watoto wa madarasa ya chini wana jambo moja la ziada la kupanga mapema. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025, inaifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Maana yake ni kwamba ile hesabu ya baadhi yetu ya kumvumilia mtoto mpaka amalize msingi ndipo ahamie mwaloni haitakuwapo tena, na sare, madaftari na chakula cha mchana vya mtoto huyo viingizwe katika bajeti ya nyumba mpaka kidato cha nne.